Mkono wa Pili

Nyumba za mtaa wetu wa Maabela zote nyeupe,
au rangi ya maziwa yaliyolala,
au ya mchanga uliooshwa ukaanikwa.
Nje sina neno. Nje ni ya baraza la mji, na ya jua.
Lakini chumba ni changu,
na mimi hulala mchana.

Saa moja asubuhi natoka wodini,
miguu imevimba, masikioni bado mashine zinalia,
na jua la Julai limeshapanda, limeshakunywa chai.
Nikifika nyumbani, limenitangulia.
Nimetundika pazia mbili. Nimebandika kiooni
ile karatasi ya fedha ya kufungia samaki.
Linapenya vilevile, mgeni asiyejua hodi,
linaugonga ukuta mweupe, ukuta unalirudisha,
ukuta wa pili unalidaka, unalirusha,
wanacheza mpira juu ya kope zangu.

Basi nikaenda Ruwi, duka la rangi.
Kijana akanikunjulia kadi zake kama karata:
hii bilingani, hii zambarau iliyoiva,
hii wanja, hii masizi ya sufuria.
Nikatia kidole juu ya nili.
"Tuipunguze kidogo?"
Iongeze, nikamwambia. Iongeze mpaka mashine ikatae.

Nili naijua.
Mama aliifunga kitambaani, fundo dogo kama pipi,
akalitosa katika maji ya mwisho ya kanzu za baba,
na kanzu zikatoka nyeupe kuliko nyeupe.
Hesabu hiyo hakuna aliyenieleza,
vipi iingie buluu, utoke weupe.
Siku moja nilichovya mkono mpaka kifundoni.
Chuoni mwalimu akaniuliza
nimeiba wino wa nani.

Shangazi Bi Ghaniya alipata habari
hata ndoo haijafunguliwa.
Simu kutoka Nizwa:
"Kafa nani?"
Hajafa mtu.
"Basi kiza cha nini? Eda ya yule bwana ulishaimaliza mwaka juzi.
Chumba cha mwanamke kinataka nuru."
Nuru ninayo, shangazi.
Nimevimbiwa nayo.

Monirul akatandika turubali,
akazungushia swichi tepu, polepole, kama anafunga kidonda,
akaanza.
Mkono wa kwanza ulikuja mbaya.
Mabaka, michirizi, pengine zito, pengine pamepauka,
ukuta mzima kama mwili uliovilia damu,
na miili hiyo naijua, naigeuza kila usiku.
Nikakaa juu ya ndoo tupu, nikajuta riyali zangu.
Akaniangalia. Kiarabu chake vipande vipande, changu kimechoka:
"Subiri, madamu. Mkono wa kwanza siku zote mwongo."

Wa pili ukapita juu ya uongo.
Kona zikaondoka.
Dari inaanzia wapi, sijui, wala siulizi.
Ukitazama sana ukuta haukutazami,
unakaa tu, kama mtu anayekujua.

Alhamisi Bi Ghaniya akaja mwenyewe kushuhudia.
Akasimama mlangoni, akavuta audhubillahi ndefu,
akapapasa ukuta kwa kidole, akakinusa.
"Kaburi lenye kiyoyozi," akasema.
Tuliposwali adhuhuri, akavua miwani.
"Nanyoosha mgongo tu. Nisikilizie jinsi kunavyotisha."

Kiyoyozi kikavuma. Nje, lami ya Maabela inayeyuka.
Ndani kitu kimoja tu kinaonekana,
sare yangu, imening'inia nyuma ya mlango,
nyeupe,
na bado inahema zamu ya jana.
Nikasikia mkoromo mwembamba. Haukuwa wangu.

Alasiri ilipoadhiniwa, sauti ikatoka kizani, imelegea,
sauti ya msichana wa zamani sana:
"Weye. Miwani yangu nimeiweka wapi?"
Nikanyoosha mkono kutafuta swichi.

"Usiwashe," akasema.
"Tutaipapasa."